Jongo la kuku: kabla ya kununua dawa

Kuku akifa ghafula, na mama akimpasua akaona moyo na ini vimefunikwa unga mweupe kama chokaa, majirani husema ametiwa sumu. Sivyo. Hilo ni jongo. Kuku hana mkojo wa maji kama sisi. Figo zake hutoa uchafu wa damu kwa namna ya asidi ya uriki, ndiyo weupe ule uonekanao juu ya mavi yake. Figo zikishindwa kazi, asidi hubaki mwilini na kuganda.

Hapo wengi hukimbilia dawa za kuua vijidudu, nayo ni hasara maradufu. Gentamisini yenyewe yaweza kuharibu figo, na dawa za salfa humdhuru zaidi kuku mwenye kiu. Wengine huuliza habari za alopurinoli, wanayopewa watu wenye jongo. Dawa hiyo hupunguza asidi mpya, lakini haiponyi figo iliyokwisha kufa. Mganga wa mifugo aweza kumjaribia kasuku mmoja. Kwa kundi la kuku haifai, tena mayai yao huliwa na watoto wetu.

Basi tazameni kwanza mfuko wa chakula. Chakula cha kuku watagao kina kalisi karibu 4 kwa 100, maana ganda la yai lahitaji. Tembe ambaye hajakaribia kutaga atosheka na 1 hivi. Akilishwa kile cha wakubwa, figo zake huharibika polepole, naye hufa baada ya miezi, wakati mwenye kuku amekwisha kusahau kosa.

Kisha maji. Hapa Lubumbashi mwezi wa Oktoba joto ni kali, na bomba likikauka mchana mmoja tu, figo huumia. Vifaranga waliosafiri kutoka ng'ambo ya Kasumbalesa wapewe maji kabla ya chakula. Huu ndio uganga wa kwanza, nao hauna bei ya duka.

Iko pia homa ya mapafu ya kuku, bronkiti, ambayo virusi vyake hushika figo. Haina dawa, ila chanjo ya mapema.

Vifo vikiendelea, mpelekeeni mganga wa mifugo mzoga ungali mbichi, pamoja na konzi ya chakula na majina ya dawa zote mlizokwisha kuwapa.