*TAMKO LA KATIBU WA TAWI, WAWI: FOMU IMEPOKELEWA, MATUSI YAFUTWE*



Ndugu wanachama, tangu Jumamosi usiku kundi letu limejaa sauti. Mwanachama mwenzetu kachukua fomu ya kugombea nafasi ya mweka hazina wa tawi. Badala ya kuulizwa anajua nini kuhusu fedha, kaulizwa babu yake kazikwa wapi. Mmoja kamwita chogo na kumwambia arudi kwao bara. Mwengine, kwa kujifanya anamtetea, kawaita waliomtukana Wamanga waliokosa meli ya kurudia kwao. Sauti zote mbili Kamati imezisikiliza mpaka mwisho, na imeamua zote mbili zifutwe. Fomu ya ndugu yetu imepokelewa, ada imelipwa, stakabadhi nimeitoa kwa mkono wangu. Haiondoki.

Mwenyekiti kaniomba niandike zaidi ya hapo, kwa sababu baadhi ya vijana wanasema ule ulikuwa utani tu, na kwamba ubaguzi wa rangi ni mambo ya Makaburu na Wamarekani. Naomba msome kwa utulivu, ni kurefu kidogo.

Mimi kwa kazi yangu huangalia daftari kwanza. Tusi linauma na kupita. Ubaguzi uliokaa ndani ya daftari haupiti, maana mwenye kuutekeleza hahitaji hata kuwa na chuki, anafuata safu aliyoikuta. Na hakuna pahala safu hizo zimeandikwa wazi kama jeshini.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipopiganwa Afrika Mashariki, Waingereza walikusanya kiasi cha watu milioni moja kuwabebea mizigo. Kikosi hicho kiliitwa Carrier Corps, na ndicho kilichotuachia jina la Kariakoo, kule Dar es Salaam tunakofuata biashara. Hesabu ya Waingereza wenyewe inataja wapagazi kama 95,000 waliokufa, wengi kwa maradhi na njaa, si kwa risasi. Askari wa Kizungu alipata kaburi na jiwe lenye jina lake. Mpagazi hakupata. Gavana wa Tanganyika baada ya vita alionelea makaburi ya wapagazi yaachwe tu yawe pori. Ilikuwa hadi mwaka 2021 ndipo tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilipoomba radhi, ikakiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000, na huenda wakafika 350,000, hawakuandikwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa wa Afrika Mashariki na Misri.

Vita vya Pili vikaja. Vijana wa Keya walipelekwa mpaka Burma, wakapigana kwenye mvua na malaria. Kilipofika kiinua mgongo cha kumaliza vita, Muingereza alitazama cheo, muda wa utumishi, na rangi. Nyaraka zilizofichuliwa mwaka 2019 zinaonesha Mzungu aliweza kulipwa mpaka mara tatu ya Muafrika. Wafaransa walifanya vibaya zaidi: mwezi Disemba 1944, huko Thiaroye, Senegal, askari wa Kiafrika waliotoka kifungoni kwa Wajerumani walidai malipo yao, wakapigwa risasi na jeshi lile lile walilolitumikia.

Ukimfanya mtu mdogo kwa rangi yake kisha ukampa bunduki, usishangae siku akikugeukia. Tarehe 20 Januari 1964 askari wa Tanganyika Rifles waliasi kambini Colito, Dar es Salaam. Madai yalikuwa mawili, mishahara na maofisa wa Kiingereza waliobaki juu yao miaka miwili baada ya uhuru. Uasi ule haukuwa halali, lakini lile dai la pili halikuzuka hewani.

Na kwetu je? Hapa ndipo watu hupenda kunyamaza. Serikali iliyopokea uhuru wa Zanzibar Disemba 1963 ilikuta jeshi la polisi lenye askari wengi wa asili ya bara, walioajiriwa na Muingereza. Ikawaona hawaaminiki kwa asili yao, ikaanza kuwaachisha kazi. Watu waliokwishafunzwa silaha na wanaojua ghala lilipo wakatolewa mitaani na hasira zao. Usiku wa kuamkia Januari 12, 1964 baadhi yao walikuwamo katika waliovamia Ziwani na Mtoni. Yaliyofuata mnayajua, na familia nyingi za Unguja na Pemba wanayajua zaidi: safari hii waliouawa na kufukuzwa wakawa Waarabu, Wahindi na Wangazija, kwa asili yao vile vile, mwenye shamba na muuza kahawa pamoja. Sitaki mjadala wa nani alianza. Nataka muone kwamba kila upande ulitumia kipimo kile kile, na kila upande ulikuwa na sababu iliyouridhisha.

Kipimo hicho hakikutoka mbinguni. Serikali ya Muingereza iliwapanga watu wa visiwa hivi kwa makabila kwenye sensa, kwenye skuli, hata kwenye kadi za mgao wa chakula wakati wa Vita vya Pili, mchele kwa huyu na unga kwa yule. Mtu akijua tumbo lake linategemea neno lililoandikwa kwenye kadi, atalitafuta neno zuri. Kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, maelfu waliojiandikisha kuwa Waswahili walitoweka. Hawakufa wala hawakuhama. Walijiandikisha kwa jina jengine. Basi hiyo asili safi tunayojigambia barazani, mara nyengine ni uamuzi wa babu mmoja mbele ya karani.

Pemba tulikuwa na bahati yetu. Kimbunga cha 1872 kiling'oa mikarafuu ya Unguja na kuibakisha ya kwetu, na mikarafuu hiyo haikuwa ya Waarabu peke yao, Wapemba wengi walikuwa na mashamba yao. Watu wakapakana, wakaoana. Ndiyo maana chuki ya hapa haikufika ile ya Unguja. Wengi wetu kwenye kundi hili tukipanda juu vizazi vitatu tunakutana na Mmanga, Mnyasa na Mshirazi kwenye nyumba moja. Sasa nani arudi kwao, na arudi na mguu gani?

Najua mtu atanijibu kwa Januari 2001. Ndugu zetu waliuawa kisiwani hapa kwa risasi za dola, na kama watu 2,000 wakavuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Wapo waliobaki na picha moja tu kichwani: aliyeshika bunduki alikuwa Mbara. Naiheshimu kumbukumbu hiyo. Lakini amri ile ilitoka kwa wanasiasa, na baadhi yao ni Wazanzibari kwa mama na baba. Ukimbebesha fundi wa Wawi dhambi ya amri ile, aliyeitoa analala usingizi mzuri.

Tena kuna hili. Malalamiko yetu makubwa, kila mkutano, ni kwamba kijana wa Kipemba akiomba kazi kwenye vikosi huangaliwa ametoka wapi kabla ya vyeti vyake. Tunasema ni ubaguzi, na tuna haki: kifungu cha 12 cha Katiba ya Zanzibar ya 1984 kinakataza kumbagua mtu kwa kabila, rangi au pahala alipotoka. Tutakisomaje kifungu hicho mbele ya Mkuu wa Wilaya, ikiwa kwenye simu zetu kuna sauti ya mwanachama akimnyima mwenzake fomu kwa sababu hiyo hiyo? Hao wa upande wa pili wanazo sauti zetu, msidanganyike. Kundi lenye watu wengi namna hii halina siri.

*Maamuzi ya Kamati:*

Waliotuma sauti zile wazifute kabla ya sala ya Ijumaa. Wote wawili wataitwa mbele ya Kamati pamoja, si mmoja mmoja, wasikilizane ana kwa ana. Atakayerudia kumwita mwanachama kwa kabila au rangi kwa nia ya kumvunjia heshima ataondolewa kwenye kundi na jambo lake litapelekwa jimboni kwa utaratibu wa katiba ya chama.

Wagombea wote wa nafasi ya mweka hazina watahojiwa na wanachama siku ya mkutano. Nitakuja na daftari la mapato na matumizi la mwaka huu, kila mgombea atapewa alisome na kueleza anachokiona. Anayetaka kumpinga yeyote kati yao alete swali la hesabu.

Mkutano ni Jumapili saa 10 alasiri, pahala petu pa kawaida. Njooni na kadi.

Katibu wa Tawi,
Wawi, Chake Chake.