Taarifa moja, saa moja: tujifunze kwa minara ya simu

Leo siongelei mbolea wala mbegu. Naongelea minara ya simu, na anayedhani bwana shamba kapotea njia asome mpaka mwisho, maana kosa lilikuwa langu.

Msimu wa mauzo uliopita nilipewa bei ya mahindi asubuhi, nikairusha kwenye makundi matatu ya WhatsApp: la Laela, la Mpui na la kule bondeni Mtowisa. Mchana bei ikapanda. Nikasahihisha makundi mawili, la tatu nikalisahau. Nilikuwa kwenye pikipiki. Jioni kijana mmoja wa bondeni akanipigia: "Bwana shamba, nimeshauza gunia 40 kwa bei uliyotuma." Tofauti ilikuwa shilingi 60 kwa kilo. Gunia 40 za kilo 100, piga hesabu: shilingi 240,000. Hakunigombeza. Bora angenigombeza.

Tangu hapo nimekuwa nikifuatilia jinsi mitandao inavyotuma kitu kimoja kwa watu wengi. Kwa kawaida mnara humhudumia kila mtu peke yake. Vijana 200 chini ya mnara mmoja wakifungua video ya MB 20 kuhusu viwavijeshi vamizi, mnara unatuma nakala 200, yaani MB 4,000, na kila mtu analiwa bando lake. Lakini viwango vya 4G vina njia nyingine: nakala moja inarushwa hewani, wote wanaipokea, kama redio.

Ugumu unakuja minara ikiwa mingi. Minara miwili jirani ikirusha vitu tofauti kwenye masafa yale yale, simu iliyo katikati inapata kelele tupu. Ikirusha kitu kile kile kwa wakati ule ule, mawimbi yanasaidiana na simu inasikia vizuri zaidi. Kwa hiyo kila furushi la data linapigwa muhuri wa saa: "rusheni saa fulani." Mnara uliolipata mapema unalishikilia, unasubiri wenzake. Saa za minara zinalinganishwa, mara nyingi kwa GPS. Nafasi ya kukosea ni ndogo sana: kwenye mpangilio wa kawaida wa 4G ni sehemu 16.7 tu za sekunde iliyogawanywa mara milioni, muda ambao wimbi la redio husafiri kama kilomita 5. Kwa sehemu kama Ufipa, ambako mnara na mnara huachana mbali, hiyo haitoshi. Ndiyo maana baadaye viwango viliongeza nafasi hiyo hadi 200, sawa na kilomita 60.

Kilichonigusa zaidi ni hiki: mnara uliokosa sehemu ya data hauruhusiwi kubahatisha. Unanyamaza kwa kipindi hicho mpaka upate sahihi, maana ukirusha kitu tofauti unawaharibia hata majirani. Mimi siku ile nilikuwa mnara uliorusha ya zamani huku wenzangu wakirusha mpya.

Kuna njia nyingine nyepesi, ya ujumbe wa maandishi unaorushwa na mnara kwa simu zote zilizo eneo lake. Hauhitaji bando wala orodha ya namba, na hata kitochi kinaweza kuupokea kikiwa kimewezeshwa. Ukurasa mmoja una herufi 93, na kurasa zinaweza kufika 15. Kila ujumbe una namba yake. Mnara unaurudia rudia, lakini simu iliyokwisha kuupata haikusumbui tena. Ukibadilishwa, namba inabadilika, na simu inajua hii ni mpya. Japani wanatumia njia ya namna hii kutahadharisha watu kuhusu tetemeko la ardhi.

Maoni yangu ni haya. Tahadhari ya mvua kubwa kutoka Mamlaka ya Hali ya Hewa, au mlipuko wa viwavijeshi, isisubiri nani ana bando na nani yuko kwenye kundi. Irushwe na minara, kwa eneo husika tu, wote kwa pamoja. Wapo watakaosema tutageuziwa simu kuwa gulio la matangazo. Hofu hiyo ni ya kweli, kwa hiyo yawekwe mambo machache ya kurushwa na yasiongezwe: hali ya hewa, wadudu na magonjwa, basi. Bei iachwe kwenye makundi yetu, maana inabadilika kila saa na kila mnunuzi ana yake.

Ila kwenye makundi hayo nidhamu ya minara tunaweza kuianza leo bila kumsubiri mtu. Kuanzia msimu huu kila taarifa yangu ina vitu vinne: namba, tarehe na saa, eneo inalohusu, na inafuta namba ipi. Mfano: "Na. 14, saa 8 mchana, Mtowisa, inafuta Na. 13." Inaingia makundi yote kwa wakati mmoja, au haiingii popote. Nanyi mkiona bei isiyo na namba wala saa, msiisambaze na msiiuzie mahindi. Kama huna uhakika, fanya kama mnara: nyamaza kwanza, uliza.

Yule kijana bado yumo kwenye kundi. Juzi niliposahau kuweka saa, yeye ndiye aliyekuwa wa kwanza kuandika: "Bwana shamba, ya saa ngapi hii?" Nilifurahi sana. Nanyi niulizeni hivyo hivyo.