Sare ya Tawi Imetoka Wapi?

Jumamosi iliyopita sisi tunaoandika ukurasa huu tulikwenda soko la Karume, Ilala, kutafuta shati. Twaungama mapema ili mtu asije akatuumbua baadaye: shati tulilonunua ni la mtumba. Lilikuwa zuri, kola yake haijachakaa, na bei ikatuachia nauli na pesa ya kahawa. Mama aliyetuuzia anasomesha watoto watatu kwa nguo hizo, na huwahi alfajiri kufungua robota asije akapata masalia. Hatukumwona pale adui wa taifa. Tulimwona mwananchi anayefanya kazi.

Jumapili tulialikwa harusini Temeke. Taarabu ilipigwa hadi usiku wa manane, na akina mama wakatoka sare, kila mmoja na doti yake ya kanga. Jina lililoandikwa lilikuwa kali, mawifi wakatazamana kwa jicho la pembeni (maneno yenyewe hatuyaandiki, maana hatutaki kesi). Tulimwomba dada mmoja atuonyeshe ukingo wa kanga yake. Tukasoma: imetengenezwa India. Yaani Kiswahili chetu, mafumbo yetu, hata ugomvi wetu wa mawifi, vimevuka bahari kupigwa chapa na kurudi kuuzwa kwetu! Wazee watasema hilo si geni, na ni kweli. Kanga zimewahi kuchapwa Uingereza, Uholanzi na Japani kabla hata sisi hatujazaliwa.

Jumatatu tulikuwa kikaoni, kamati ya tawi. Ajenda ilikuwa sare za akina mama kwa ajili ya mkutano ujao. Sampuli ikapitishwa mkono kwa mkono, na kwa muda wa saa nzima tulibishana juu ya rangi: kijani kimekoza mno, hapana, hakijakoza. Hakuna aliyeuliza pamba ile ililimwa wapi, wala nani aliisokota. Na sisi tulikuwamo, tukanyamaza. Hapo ndipo tulipoona haya ambayo hatukuyaona sokoni Karume.

Ndugu, nguo katika nchi hizi haijawahi kuwa jambo dogo. Katika karne ya 19 merikebu kutoka Salem, Massachusetts, zilileta Unguja kitambaa cha pamba, na kitambaa hicho kikaitwa merikani kwa jina la kwao. Biashara ilinoga hata Marekani ikamweka balozi wake mdogo Unguja mwaka 1837. Wamarekani walipopigana wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, kitambaa kiliadimika, na nafasi ile ikachukuliwa na viwanda vya Uingereza na Bombay. Wazee wetu walibadilishiwa muuzaji tu. Kufuma hawakuanza upya, na wafumaji waliokuwapo wakazidi kupungua.

Pamba sasa. Wakulima wa Usukuma, waliochoshwa na mizani ya wanunuzi waliowapunja, walijiunga katika vyama vya ushirika, na mwaka 1955 ukaundwa Muungano wa Vyama vya Ushirika vya Victoria chini ya Paul Bomani. Ushirika ule ulikuwa shule ya uhuru. Mwaka 1968 kikafunguliwa kiwanda cha Urafiki, Ubungo, kilichojengwa kwa msaada wa China, na nchi ikavaa kanga na vitenge vilivyotoka mikononi mwa watoto wake.

Lakini tusidanganyane. Tulipolisema hilo kikaoni, mzee mmoja wa tawi alituangalia kwa huruma, kama amwangaliavyo mtoto. Akasema yeye anaikumbuka miaka ya mwanzo ya 1980, alipopanga foleni tangu saa kumi alfajiri kwa doti moja ya kanga akarudi mikono mitupu. Jirani yake alimzika mamaye kwa sanda ya kuazima. Serikali ilipolegeza uingizaji wa bidhaa mwaka 1984, akasema, watu walishukuru Mungu. Hatukuwa na jibu la kumpa. Kujitegemea kusikomvisha mtu hakuwezi kuhubiriwa mara ya pili.

Yako na ya juzi. Mwaka 2016 wakuu wa nchi za Afrika Mashariki walikubaliana kuondoa mitumba kwa muda wa miaka mitatu. Wafanyabiashara wa nguo kuukuu huko Marekani wakalalamika kwa serikali yao, na serikali ile ikatishia kuzinyima nchi zetu nafasi ya kuuza bidhaa kwake bila ushuru. Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilibaki na ushuru wake, na mwaka 2018 nguo zake zikaondolewa katika nafasi hiyo. Walikubaliana pamoja, mmoja akasimama peke yake! Twaandika hili kwa uchungu, tukijua waliorudi nyuma walikuwa na viwanda na vibarua wa kufikiria.

Ndiyo maana hatumwambii mama wa Karume afunge meza yake. Nani atamlipia karo? Wala hatumwambii mwenye mshahara mdogo aache shati la mtumba, sisi wenyewe tukiwa tumelivaa tunapoandika. Lakini sare ya tawi ni jambo jingine. Haimfuniki mtu aliye uchi. Ni alama tuliyoichagua sisi, kwa fedha za michango yetu, kwa hiari yetu. Sehemu kubwa ya pamba ya nchi hii bado hupakiwa melini ikiwa imechambuliwa tu, haijasokotwa. Chama kinachosimama jukwaani kudai viwanda, huku wanachama wake wamejifunga kanga za kuagizwa, kitasikilizwa na nani?

Tumemwomba katibu aandike barua kwa viwanda vya nchini kuuliza bei ya doti mia moja. Tunajua huenda zikawa ghali kuliko zile za sampuli. Mweka hazina amekwisha kuguna. Fedha ya oda ya kwanza ingali sandukuni, na kikao kimeahirishwa hadi Jumatatu ijayo, saa kumi jioni, palepale ofisini. Mzee wetu wa foleni ameombwa aje mapema, maana ndiye atakayefungua mjadala.