Kuchomoa si Kupachua

Muhula uliopita nilialikwa na shule moja ya upili huko Manga, Nyamira, kuzungumza na walimu kuhusu istilahi za tarakilishi. Mwalimu mmoja alinijia na flashi mkononi. Alama za darasa zima, alizozinakili kutoka tarakilishi ya Linux, hazikuwamo. “Niliichomeka, ikajifungua yenyewe,” alisema. “Nilipomaliza nikaichomoa.”

Kuchomeka na kuchomoa ni kazi ya mkono. Ipo kazi nyingine isiyoonekana: mfumo huitambua flashi na kuipa mahali katika mti wa faili zake, aghalabu chini ya /media. Hiyo nashauri tuiite kupachika, na kinyume chake kupachua. Hapo awali mtumiaji wa Linux, mfumo alioanzisha Linus Torvalds mwaka 1991, aliandika mwenyewe amri ya kupachika. Hivyo aliijua pia ya kupachua. Siku hizi mazingira kama GNOME hupachika papo hapo, lakini kupachua kungali juu yetu. Data hukaa kwanza katika kumbukumbu ya mashine, na achomoaye kabla ya kupachua huenda akaiacha huko.

Wanafunzi wetu huambiwa tu “toa flashi”, kitenzi kimoja kwa matendo mawili. Kisingizio cha uchanga wa Kiswahili sikikubali: mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice mwaka 2004.

Mwalimu yule alilifungua daftari lake, akaanza kuingiza alama upya.