Tusiuze Upanga Tusioujua Jina

Baada ya matanga ya mjomba wangu huko Msambweni, Mwenyezi Mungu amrehemu, tulipanda darini kushusha vitu vyake. Tukakuta upanga mfupi umefungwa katika leso kuukuu. Ala yake ni ya mti uliovikwa ngozi nyekundu, na mpini umezungushiwa ukanda wa ngozi, bila ya chuma cha kukinga mkono.

Hapo hapo maneno yakazuka. Mmoja wetu akasema ni jambia la Maskati. Mwingine akaapa kuwa ni silaha ya vita vya Mbaruk bin Rashid wa Gasi, yule Mazrui aliyepigana na Waingereza mwaka 1895 hadi 1896, kisha akavuka mpaka kwa Wajerumani. Habari zikafika Diani, na haikupita wiki akaja mchuuzi wa vinyago akataja bei kabla hata ya kuuchomoa alani.

Mama yetu mkubwa akakataa. "Kitu hata jina lake hamlijui, mtakiuzaje?" Basi tukaupeleka kwa mzee mmoja aliyekuwa mhunzi. Mzee hakuuliza hadithi. Aliuchomoa, akaupima kwa shibiri, akapitisha kidole juu ya bapa, kisha akatupa darasa ambalo kila nyumba ya pwani ingefaa ilijue.

Jambia, alisema, ni fupi na limepinda. Kitara nacho kimepinda, lakini ni kirefu. Upanga mrefu wa Waarabu, ule unaochezewa razha, umenyooka, una makali pande mbili, na bapa lake hutikisika mkononi. (Nami naongeza kuwa hata huo usikudanganye: baadhi ya mabapa yake yalifuliwa Solingen, Ujerumani, mpini ukatiwa huku kwetu.) Huu wetu haukuwa hata mmoja wa hao. Ni mfupi, umenyooka, mwembamba karibu na mpini, kisha unapanuka kuelekea nchani, na mgongo unapita katikati ya bapa. Uzito umewekwa mbele ili mkono mfupi ukate kama mrefu. "Hii ni sime," akasema mzee. "Silaha ya watu wa bara, Wakamba na Wamasai."

Ndugu msomaji, lau ungeziona nyuso zetu! Waliotaka Maskati walinuna, na waliotaka Gasi wakanyamaza. Mimi nauliza: aibu iko wapi? Wakamba walikuwa wakishuka pwani na pembe za ndovu tangu mwanzo wa karne ya 19, na hadi leo wako Kwale, wanaishi na Wadigo na Waduruma. Sime katika nyumba ya Mdigo ni ushahidi kwamba wazee wetu hawakutazama baharini tu. Walikuwa pia na jamaa na wateja nyuma ya vilima vya Shimba. Tukiibatiza jina la Kiarabu ili tupate fahari, tunamfuta jirani katika historia yetu wenyewe. Huo si utukufu, ni uwongo.

Na uwongo huo una soko. Sheria ya Makumbusho na Turathi ya mwaka 2006 yasema kuwa kitu kilichotengenezwa au kuletwa Kenya kabla ya mwaka 1895 ni cha kale, na hakitoki nchini bila kibali. Basi anayemwapia mtalii pwani kuwa upanga wake una miaka mia mbili, ama anamdanganya, ama anamwuzia kitu asichoweza kuondoka nacho kihalali. Hakuna biashara ya halali katika yote mawili.

Tuwatazame Waislamu wenzetu Wamoro wa Mindanao na Sulu, kusini mwa Ufilipino. Panga zao ni za ajabu: kris yenye bapa la mawimbi, barong pana kama jani, kampilan ndefu. Askari wa Kimarekani waliopigana nao kati ya 1899 na 1913 walizichukua nyingi kwao kuwa ukumbusho. Leo wajukuu wa askari hao wanazikuta masandukuni na kuwauliza wageni: hiki ni kitu gani? Chuma kipo na makali yapo, lakini aliyejua jina lake na jina la mwenyewe hayupo tena.

Sisi wazee tungali nao. Aliye na silaha ya kale nyumbani aipeleke kwao kabla ya kuipeleka sokoni. Atazame imepinda au imenyooka, ina makali mangapi, imepanuka wapi, mpini na ala ni vya nini. Kisha aandike.

Sime ya mjomba imerudi darini. Ndani ya leso tumetia karatasi yenye jina lake na mahali ilipokutwa. Mchuuzi wa Diani amekuja tena mara mbili, tumempa chai.