Waya wa fedha hauchukui nafasi ya mbabula

Kasomeno ni njia panda. Barabara inayotoka Lubumbashi inagawanyika hapo: moja inashuka Kasenga, kwenye mto Luapula, nyingine inaelekea Kilwa na Pweto, kandokando ya ziwa Mweru. Samaki wanapita hapo, makala yanapita hapo, na watu waliokimbia mapigano ya upande wa Mitwaba na Pweto wanaijua njia hiyo vizuri. Kipindupindu nacho kinatembea na watu. Kanda za afya za Kasenga, Kilwa na Pweto zinajulikana tangu miaka mingi kuwa makao yake, na mwanzoni mwa 2008 ugonjwa huo ulipiga hadi Lubumbashi na Likasi.

Mahali kama hapo, mtu akiambiwa kuna maji yanayoua vijidudu bila moto na bila kwenda dukani, lazima atasikiliza. Ndivyo maji ya fedha yanavyopata wateja. Fedha inayosemwa hapa si ile ya mfukoni, ingawa Kiswahili na Kifaransa vyote vinaziita kwa jina moja. Ni madini meupe ya kutengenezea pete na mikufu. Maelekezo yake yanazunguka kwenye simu kwa lugha nyingi: chukua waya mbili za fedha safi, zifunge kwenye betri, zitumbukize katika glasi ya maji, ngoja, kisha kunywa. Na swali ambalo wanaojaribu wanaliuliza kila mara ni hili: maji yawe ya baridi au ya moto?

Swali si la kipumbavu. Maji yakipata moto yanapitisha umeme kwa urahisi zaidi, karibu asilimia 2 kwa kila digrii inayoongezeka. Maji ya digrii 20 yakipandishwa hadi 70, betri ileile itapitisha umeme karibu mara mbili, na fedha itatoka kwenye waya kwa haraka zaidi. Kwa hiyo watu wawili wanaofuata maelekezo yaleyale, dakika zilezile, mmoja kwa maji ya asubuhi ya mwezi wa sita na mwingine kwa maji yaliyotoka jikoni, hawapati kitu kimoja. Wala hawawezi kujua nani amepata nguvu gani. Rangi haisemi kitu cha kutegemea: maji yanaweza kubaki meupe kabisa na yakawa na fedha nyingi, au yakageuka manjano. Nyumbani hakuna kipimo.

Tena maelekezo yenyewe yanataka maji yaliyogeuzwa mvuke na kukusanywa tena, yasiyo na chumvi hata kidogo. Hapo wengi wanakosea wakidhani kuchemsha kunatosha. Kuchemsha kunaua vijidudu, hakuondoi chumvi. Maji ya kisima au ya pompi, hata yakichemka saa nzima, bado yana chumvi yake, na fedha ikikutana na chumvi hiyo inatengeneza ukungu mweupe ndani ya glasi. Mtu anaona maji yamebadilika, anaamini dawa imeiva.

Lakini tuseme fundi ni hodari, ana maji safi, ana kipimo cha moto, anafanya kila kitu sawasawa. Amepata nini? Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani lilitazama uchunguzi uliokuwepo juu ya fedha kama dawa ya kusafisha maji ya kunywa, na likaona ushahidi hautoshi kuitegemea kwa kazi hiyo. Fedha inafanya kazi polepole, kwa saa nyingi, na kwa virusi ni dhaifu. Kwa kuinywa kama dawa ya mwili hali ni mbaya zaidi: Marekani, wakubwa wa madawa walitangaza tangu 1999 kwamba maji hayo hayakubaliki kuwa dawa salama wala yenye faida. Huko huko, Montana, mwanasiasa Stan Jones aliyatengeneza nyumbani mwaka 1999 kwa kuogopa dawa za hospitali zitakosekana. Alipogombea useneta mwaka 2002, ngozi yake ilikuwa imegeuka rangi ya buluu na majivu. Rangi hiyo haitoki tena.

Kikombe kimoja hakitamgeuza mtu buluu. Hatari kubwa ya Kasomeno ni nyingine, nayo ni saa. Kipindupindu kinaweza kumkausha mtu mzima akafa ndani ya siku moja, na mtoto hata kabla ya jioni. Akitibiwa mapema, wanaokufa hawafiki mmoja katika mia. Asipotibiwa, wanaweza kufika nusu. Jamaa inayompa mgonjwa maji ya fedha na kungoja ione yatafanya nini, imetumia saa ambazo mgonjwa hana. Mgonjwa huyo anahitaji lita moja ya maji safi, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, anyweshwe kidogo kidogo njia nzima mpaka kituo cha afya.

Basi moto wa maji una maana, ila ni moto wa mahali pengine. Maji yakivuguvugika tu na kuachwa, kidudu cha kipindupindu hakidhuriki. Kinapenda maji yenye joto kidogo. Yanapaswa kufika mahali pa kububujika kweli, mapovu makubwa yakipanda toka chini ya sufuria. Yakifika hapo, yametosha. Hakuna haja ya kuyaacha nusu saa yakimaliza makala. Hilo lingesemwa zaidi, kwa sababu watu wengi wanaacha kuchemsha kwa kudhani ni lazima kuchemsha muda mrefu.

Na hapa lawama isiwaendee tu wenye simu. Kumwambia mama aliyefika na watoto 5 na bidon 1 "chemsha maji" bila kumpa makala, ni kumpa nusu ya shauri. Makala yaliyopo yanapika bukari kwanza, na hakuna atakayemlaumu. Maji ya fedha yanaingia katika pengo hilo hilo: yanamwahidi kwamba hatahitaji mbabula. Anayetaka kuyafukuza aje na kitu kingine mkononi.

Vitu hivyo vipo. Dawa ya klorini, ikitiwa kwa kipimo chake katika maji yasiyo na matope, inamaliza kazi ndani ya dakika 30. Jua nalo ni moto wa bure: chupa ya plastiki isiyo na rangi, iliyooshwa, ikajazwa maji maangavu na kulazwa juu ya mabati saa 6 za jua kali, inaua vijidudu vya kuharisha. Watoto wa Wamasai huko Kajiado, Kenya, walifuatiliwa miaka ya 1990 wakinywa maji ya chupa za namna hiyo. Kuharisha kulipungua, na kipindupindu kilipofika, watoto wadogo waliotumia chupa za juani waliugua wachache zaidi.

Hata fedha yenyewe ina mahali pake, na mahali hapo ni kwenye udongo. Mwaka 1981, huko Guatemala, Fernando Mazariegos alitengeneza chungu cha kuchuja maji: udongo unachanganywa na unga wa mbao, unachomwa kwa zaidi ya digrii 800, unga unaungua na kuacha vitundu vidogo sana, kisha chungu kinapakwa fedha kidogo. Udongo ndio unaozuia vijidudu. Fedha inasaidia tu. Uganda vyungu vya namna hiyo vinatengenezwa na kuuzwa. Ufinyanzi si kitu kigeni Katanga, na udongo haununuliwi Ulaya. Mradi unaokuja na mabango ya "nawa mikono" ungeweza kuja pia na tanuru moja.

Mpaka hapo, kalenda inasukuma. Mvua zikianza mwezi wa 11, mawingu yanaifanya chupa ya juani ihitaji siku 2 badala ya saa 6, na mvua ikinyesha mfululizo njia hiyo haifai. Ni majira hayohayo maji ya vyoo yanaingia visimani. Kwa hiyo klorini inatakiwa iwe pembeni ya pompi, pamoja na mtu wa kuipima, kabla ya mwezi wa 11, na wa kuulizwa juu ya hiyo ni wakubwa wa afya na mashirika, wakati mabati bado yana jua.