Meli za kitalii zazidi kunenepa, vyelezo vya kuzikarabati ni haba

HATIMA ya biashara ya meli za kitalii duniani haiamuliwi katika bandari za starehe pekee. Huamuliwa pia katika vyelezo, yaani mitambo inayoinua meli kutoka majini ili mafundi waweze kufikia sehemu yake ya chini. Vyelezo vinavyoweza kubeba meli kubwa kabisa ni vichache mno, na uhaba huo umekuwa ukiwagharimu abiria, wafanyakazi na hata visiwa vizima.

Ushahidi ulipatikana Aprili 1, 2019 katika kisiwa cha Grand Bahama, nchini Bahamas. Meli ya Oasis of the Seas, yenye urefu wa takriban mita 360 na uwezo wa kubeba zaidi ya abiria 6,000, ilikuwa imeinuliwa ndani ya chelezo katika mji wa Freeport wakati kreni ilipoporomoka na kuiangukia. Watu wanane walijeruhiwa. Kampuni ya Royal Caribbean, inayomiliki meli hiyo, ililazimika kufutilia mbali safari tatu na kuivusha meli hiyo bahari ya Atlantiki hadi Cádiz, Uhispania, ili ikatengenezwe huko.

Swali ambalo wengi hawakuuliza wakati huo ni hili: kwa nini meli iliyoharibika ivuke bahari nzima kutafuta fundi? Jibu ni kwamba chelezo kilichoharibika ndicho pekee katika eneo hilo la Karibea kilichozoea kubeba meli za ukubwa huo. Kilipoondoka kazini, hakukuwa na mbadala wa karibu.

Ukarabati wa meli za abiria si jambo la hiari. Mkataba wa kimataifa kuhusu usalama wa maisha baharini unataka sehemu ya chini ya meli hizo ikaguliwe kila mwaka, na kwa kawaida angalau kaguzi mbili katika kila kipindi cha miaka 5 zifanywe meli ikiwa nje ya maji.

Chelezo kinachoelea hufanya kazi kwa njia rahisi kueleza lakini ngumu kutekeleza. Matangi yake hujazwa maji hadi kikazama, meli ikaingizwa juu yake, kisha maji yakapampwa nje. Chelezo hupanda polepole kikiwa kimeibeba meli mgongoni. Hapo mafundi hukwangua mwani na viumbe walioganda, hupaka rangi ya kuzuia wasirudi, na hukagua rafadha, usukani na matundu yanayoingiza maji ya bahari.

Wakati huo huo, mamia ya mafundi wengine huwa ndani wakibadilisha mazulia, kujenga mikahawa na kuongeza vyumba. Mwaka 2016, Queen Mary 2 ilikaa Hamburg, Ujerumani, kwa siku 25 tu, ilhali ilitoka ikiwa na vyumba vipya na kumbi zilizobadilishwa sura.

Haraka hiyo ina sababu. Meli isiyosafiri haiingizi hata senti, na tiketi za safari inayofuata huwa zimekwisha kuuzwa. Siku moja ya kuchelewa ni hasara kubwa. Lakini karakana ya meli ni mahali pa moto wa kuchomelea vyuma, mizigo mizito na upepo. Aprili 2013, Carnival Triumph iling'oka kwenye kamba zake kwa dhoruba ikiwa karakanani Mobile, Alabama, nchini Marekani. Mfanyakazi mmoja wa karakana alitumbukia majini akafariki.

Kwa wakazi wa Grand Bahama, ajali ya 2019 ilikuwa mwanzo wa mikosi. Septemba mwaka huo, kimbunga Dorian kilikipiga kisiwa hicho. Machi 2020, janga la Covid-19 likasimamisha safari za meli za kitalii kote duniani. Kisiwa kilichotegemea karakana na watalii kikajikuta kimepata pigo juu ya pigo.

Wamiliki wakuu wa karakana hiyo ni Carnival na Royal Caribbean, kampuni zinazogombania abiria wale wale. Hata mahasimu hao wametambua kwamba bila chelezo hakuna biashara. Walikubaliana kutumia mamia ya mamilioni ya dola kuagiza vyelezo viwili vipya kutoka China, na cha kwanza, kilichopewa jina East End, kiliwasili Freeport mwaka 2025.

Hata hivyo, chuma pekee hakitoshi. Kwa muda mrefu Wabahama wamelalamika kwamba kazi nyingi za ujuzi katika karakana hiyo huenda kwa wageni. Ikiwa vijana wa kisiwa hicho hawatafunzwa uchomeleaji, umeme na uhandisi wa meli, watabaki kufagia sakafu huku mishahara minono ikisafirishwa ng'ambo. Huo ndio mtihani wa kweli wa mradi huu, wala si ukubwa wa chelezo.

Somo hilo linaihusu Kenya pia. Mombasa imejenga kituo cha kisasa cha kupokea watalii wa meli, lakini chelezo chake kilijengwa kwa vyombo vya wastani na hakiwezi kupokea meli za mita 300. Si lazima Kenya ishindane na Freeport au Cádiz. Meli za mizigo, feri na za uvuvi zinazopita pwani hii nazo huhitaji mafundi. Kufufuliwa kwa MV Uhuru mjini Kisumu mwaka 2019 kulidhihirisha kwamba mikono ya Wakenya inaweza kazi hiyo.

Wahenga walinena, ukiona vyaelea, vimeundwa. Vinavyoelea pia huchakaa. Watalii hushuka gatini kwa siku moja wakanunua vinyago na kuondoka, ilhali fedha za kuikarabati meli iliyowaleta hulipwa penye chelezo na penye fundi. Bandari inayotaka kunufaika na bahari kwa dhati haina budi kuanza kwa kumfunza fundi huyo.